CD Nne za Mzee Kwanza-Pili

Baba yangu ana CD nne za albamu moja. Sisemi albamu nne. Nasema albamu moja, nyimbo zilezile kwa mpangilio uleule, zilizopigwa na vijana walewale wenye nywele ndefu ambao leo, wale waliobaki, ni vizee vyenye vipara. Ukimuuliza za nini zote hizo, atakutazama kana kwamba umemuuliza kwa nini amevaa viatu viwili.

Kazi yake ni miwani. Anapima macho, anakata lenzi na kuzifunga kwenye fremu, ndani ya chumba chembamba kilichobanwa kati ya saluni ya wanaume na duka la dawa. Hapo kwenye duka la dawa ndipo ninapouza mimi, kitinda mimba wake, kwa hiyo nikisema jambo juu yake sijasimuliwa. Chumbani mwake kuna kiti cha mteja, kibao cha herufi ukutani, sanduku la lenzi za majaribio, na nyuma ya pazia mashine ya kusaga lenzi inayolia mchana kutwa. Ukikaa kitini anakuvisha fremu nzito ya chuma, anachomeka lenzi, anauliza, “Ya kwanza?” Anaichomoa, anachomeka nyingine. “Au ya pili?” Anakwenda hivyo hivyo mpaka unatamani kukiri makosa ambayo hukuyafanya. Mtaa mzima unamwita Mzee Kwanza-Pili, na mwenyewe anaitika.

Ana fundisho moja la kazini ambalo hachoki kulirudia. Mtu asiyeona mbali ukimpa lenzi kali kuliko anayohitaji, herufi zinakuwa ndogo na nyeusi tii, naye anafurahi, anasema hii hii fundi, usiitoe. Akienda nayo nyumbani, haipiti wiki anarudi ameshika kichwa. Ndiyo maana baba hamwamini mteja anayefurahi haraka. Humrudisha nyuma lenzi moja moja, mpaka amfikishe pale ambapo macho yanapumzika. Wateja wengine humwona msumbufu, na siku nyingine hata mimi.

Albamu yenyewe aliijua ujanani, kwenye kaseti aliyoazimwa na rafiki yake, rafiki ambaye kwa bahati mbaya sana alihama mji kabla hajaidai. Ni muziki wa roki, ila wa kujitutumua. Wimbo mmoja unakula nusu ya albamu, kinanda kinaanza safari, filimbi inakifuata, ngoma zinabadilisha mwendo kila ukidhani umezizoea, na mwimbaji analalamikia mnara ambao hajui nani aliujenga. Hauchezeki. Tulipokuwa wadogo tulijaribu kuucheza tukaishia kugongana vichwa. Baba huusikiliza amefumba macho, mikono juu ya magoti, kama mtu anayenyolewa ndevu.

Sasa, kwa nini nne? Anavyoeleza yeye, na ameeleza mpaka tumekoma, mkanda wa asili waliorekodia vijana wale ni mmoja tu. Lakini kila kampuni inapotoa CD upya, fundi mwingine huketi na mkanda ule au nakala yake, akaamua upya besi iwe kiasi gani, sauti za juu zing'ae vipi, na wimbo mzima uwe na kishindo gani. Muziki haubadiliki, mkono wa fundi ndio unaobadilika. Baba, ambaye siku nzima anabadilisha vioo mbele ya macho ya watu, alipolijua hilo hakupona tena.

Kila CD ameipa jina. Kongwe kuliko zote ni Bibi, iliyotolewa wakati CD bado ni kitu cha ajabu. Sauti yake iko chini, na kabla filimbi haijaingia unasikia shii ya mkanda, kama maji yanayokaribia kuchemka. Kelele ilitoka miaka ya baadaye, na fundi wake alipandisha kila kitu juu hadi filimbi na ngoma zinagombania mlango mmoja. Mjapani alikuja ndani ya jalada la karatasi ngumu, na baba humshika kwa kitambaa cha kufutia miwani. Ya mwisho ni Safi, ambayo shii yake yote ilifutwa kwa kompyuta. Baba hudai wamefuta hadi pumzi za mpiga filimbi. Mama yeye husema zote nne zinamuumiza kichwa sawasawa.

Mshindani wa baba ni Kinyozi, mwenye ile saluni ya jirani, mtu mnene mwenye sauti nzito inayotikisa vioo vyake mwenyewe. Jumapili mchana huja sebuleni kwetu, na kazi yao ni hiyo, kuweka hii, kutoa hii, kubishana, kunywa chai, kubishana tena. Kinyozi ni mtu wa Kelele. Kwa muda mrefu Kelele ilikuwa inashinda, hata baba mwenyewe akawa anayumba, mpaka siku moja akiwa kazini anamnyang'anya mteja lenzi kali aliyoipenda, akasimama ghafla na lenzi mkononi. Kumbe ulaghai ni uleule. CD yenye sauti kubwa inaonekana nzuri kwa sababu ni kubwa, basi. Alirudi nyumbani akaingiza kwenye simu programu ya kupimia sauti, akachukua rangi za kucha za mama, akakaa sakafuni akikitia alama kile kitufe cha sauti cha amplifaya: nukta nyekundu ya Bibi, ya waridi ya Kelele, na nyingine na nyingine, ili zote nne zitoke kwa kishindo kimoja. Kuanzia hapo Kelele ikaanza kushindwa. Kinyozi alisusa chai yetu kwa muda, na mama akaenda harusini na kucha kavu.

Mambo yangeendelea hivyo kama mwenye nyumba asingeitaka nyumba yake kwa ajili ya mwanawe anayeoa. Tukapata nyingine ndogo zaidi, vyumba viwili na jiko la kuingia kwa zamu. Mama akaanza kupunguza vitu. Akamwambia baba kwamba kwenye hizo CD za wimbo mmoja, atahama na moja. Akamwambia tena. Mara ya tatu hakusema kitu, alimwekea moja kwenye sahani ya chakula cha mchana, juu kabisa, na hapo ndipo baba alipoelewa.

Siku hizo hizo tulikuwa tunakunja mashuka, mama ncha hizi mimi ncha zile, akaniambia bila kupandisha sauti kwamba yeye huko hahamii. Angekwenda kukaa kwa mama mdogo, mdogo wake wa mwisho, ambaye ana chumba kitupu tangu watoto wake waondoke. Nilitaka kucheka. Lakini mama yangu hatanii akiwa na shuka mkononi.

“Baba yako alishaniacha siku nyingi,” akasema. “Amebaki tu humu ndani.”

Nikamuuliza ana maana gani, na yakamtoka yote. Amechoka kuongea peke yake. Akimsemesha mezani, baba anatikisa kichwa au anasema sawa, hata kama ameulizwa swali lisilojibiwa kwa sawa. Akimwita kutoka jikoni, kimya. Akimweleza jambo chumbani, anapewa kisogo. Na mtu mwenyewe si kiziwi, ndilo linalouma. Lori likinguruma barabara ya pili analitambua kwa mlio, Kinyozi akiguna nje ya dirisha anaitikia, na besi ya wale wanamuziki wake anaweza kukueleza uzi kwa uzi. Asiyesikika ni yeye mkewe tu. “Anajitia hamnazo,” mama akasema, akanikabidhi ncha zake za shuka. Hali hiyo ilikuwa inaingia mwaka wa pili. Ni kweli nilikuwa nimeona nyumba imepoa, ila nilidhani ndivyo watu wazima wanavyozeeka.

Damu ilinichemka. Mimi hasira zangu ziko karibu, sihitaji kuzitafuta. Kesho yake dukani palipopungua watu nikaingia kwa baba, nikajitupa kwenye kiti cha mteja, nikampa maneno yake. Sikumtajia habari ya kuhama kwa mama mdogo, maana mama alinikataza, lakini mengine nilimwaga. Kwamba mtu hamchunii mkewe hivi hivi. Kwamba kama ana kinyongo akiseme. Baba alizima mashine yake akanisikiliza akinitazama usoni, kama anavyofanya kwa kila mtu siku hizi. Kisha akaniambia kitu ambacho sikukitarajia.

“Mama yako ndiye aliyenyamaza,” akasema. “Anaongea na masufuria. Midomo inacheza, neno halitoki. Nilijua nimemkosea, nikawa nangoja aniambie kosa langu.”

Hebu nitazame mimi, muuza dawa, ninayempa mtu dawa ya masikio asubuhi na mwingine jioni. Nilisimama pale na maneno hayo mkononi nisiambulie kitu. Nilimwambia wote wawili ni vichwa vigumu. Akakubali haraka, akasema ataanza yeye kujirekebisha, na atalianza lile alilolielewa vizuri, la CD. Jumapili atachagua moja mbele ya mashahidi, nyingine ampe Kinyozi. Alikuwa na hakika kabisa kwamba mama ataona jinsi anavyomjali. Niliondoka nimejaa huzuni, kwa sababu mama alikuwa ameshaanza kupanga nguo zake kwenye begi la peke yake.

Jumapili baba aliandaa uchaguzi wake kwa heshima zote. Alitundika shuka mbele ya deki ili asione inawekwa CD ipi. Kazi ya kubadilisha alimwomba mama, kwa hoja kwamba ndiye pekee asiyependa hata moja, kwa hiyo hawezi kupendelea. Nilidhani mama atakataa. Alikubali, na baadaye aliniambia ni kwa sababu hakumbuki mara ya mwisho baba alipomwomba wafanye jambo pamoja. Mimi nilikaa naye nyuma ya shuka nikizungusha kitufe kwenye nukta zake. Kinyozi alijaza kochi. Baba alikaa kwenye kiti chake katikati ya chumba, akafumba macho, akatangaza kwamba hahitaji hata kusubiri muziki. Ule ukimya kabla ya filimbi unamtosha. Bibi ana shii nene, Mjapani ana nyembamba, Kelele shii yake imepandishwa pamoja na kila kitu, Safi hana lolote.

Mama akaweka Bibi. Nikakipeleka kitufe kwenye nukta nyekundu, na shii ikajaa sebuleni.

“Hii Safi,” baba akasema papo hapo, anatabasamu. “Sikilizeni ilivyo kavu.”

Mama akanitazama. Mimi nikadhani baba anafanya utani. Kinyozi alifungua mdomo, mama akatoa mkono kando ya shuka kumzuia. Akaweka Mjapani. Baba akasema ni Safi tena, tumeirudia ili kumtega. Akaweka Safi yenyewe, baba akacheka, akasema mtego wetu ni wa kitoto. Kelele nayo aliiita Safi mpaka ngoma zilipoingia. Hapo alijirekebisha mara moja, akaeleza jinsi besi ilivyopandishwa na jinsi ngoma kubwa inavyoikanyaga, na kila neno lilikuwa sahihi. Siku nyingine yoyote Kinyozi angeimba na kupiga makofi kwa kumshinda. Siku hiyo alitazama viatu vyake.

Mama akaizima deki. Akatoka nyuma ya shuka, akaenda kusimama nyuma ya kiti cha baba, karibu kiasi kwamba angeweza kumshika bega. Baba bado amefumba macho, anangoja CD nyingine, uso wake una furaha.

“Umeshiba?” mama akauliza, kwa sauti yake ya siku zote.

Baba hakusogea.

“Baba watoto,” mama akasema, “mimi nahama. Nakwenda kwa mdogo wangu.”

Kinyozi, ambaye hakuwa na habari hiyo, aligeuka kunitazama. Baba aliketi vilevile, mikono juu ya magoti, anatabasamu. Kisha akasema, “Haya, weka basi, mbona mnachelewa?”

“Mzee,” Kinyozi akaita kwa lile besi lake, na baba akafumbua macho, akaitika naam.

Nilimwona mama akielewa. Aliuzunguka ule kiti, akapiga magoti mbele yake, akamwambia atazame. Akamwambia, ya kwanza, kisha akasema, “Chai ipo mezani.” Baba akajibu amesikia, chai ipo mezani. Mama akaziba mdomo wake kwa kiganja, akasema ya pili, na maneno yaleyale yakapita chini ya kiganja. Mimi niliyesikia kutoka nyuma ya shuka niliyapata yote.

“Ya pili ipi?” baba akauliza. “Mbona hujasema?”

Mama akakaa chini sakafuni. Alianza kwa kucheka, akacheka mpaka kichwa kikamwangukia kwenye goti la baba, halafu kicheko kikageuka kilio na hakukificha. “Kumbe ulikuwa hunidharau,” akawa anasema. “Kumbe hunisikii.” Na kwa kuwa aliyasema hayo ameinamisha uso, baba hakuyapata. Alibaki kumpapasa kichwa na kutuuliza sisi kwa macho, kuna nini, kuna nini.

Usidhani alikubali upesi. Alisema spika ndogo za juu zimekufa. Akachukua bisibisi akazifungua zote mbili, sakafu ikajaa skrubu, Kinyozi akamwambia kwa upole kwamba yeye shii anaisikia vizuri sana na ina raha yake. Akasema ni nta. Nikamsafisha masikio kwa dawa niliyoleta mwenyewe dukani, hakukuwa na nta ya kumziba hata sisimizi. Akasema basi ni mafua. Mtu aliyemaliza umri wake akiwaambia watu wasione haya, macho yamechoka tu, vaa miwani uone, yeye mwenyewe alijificha nyuma ya pazia lake akisaga lenzi ambazo hazijaagizwa. Mwishowe mama akaenda dukani kwake, akaingia hadi nyuma ya pazia, akasimama mahali ambapo uso wake unaonekana vizuri, akamwambia avae koti. Alivaa.

Mpima masikio alikuwa binti mpole. Alimwingiza baba kwenye kichumba chenye kuta nene, akamvisha vipokea sauti vya masikioni, akampa kitufe abonyeze kila akisikia mlio. Sisi tulimwona kupitia kioo. Mwanzoni alibonyeza kwa madaha. Baadaye kidole kilikaa juu ya kitufe, kikangoja, kikangoja. Matokeo yalitoka kama mstari ulioanza vizuri kisha ukaporomoka. Binti alieleza kwamba sauti za chini, ngoma, magari, wanaume wengi, anazisikia kama kijana. Za juu zimeondoka, na humo ndimo zilimo sauti za wanawake na watoto, hasa wakiongea chini. Umri umechangia, mashine ya kusaga imemalizia. Hakuna wa kulaumiwa, akasema, ni jambo linalokuja polepole na mwenyewe huwa wa mwisho kujua.

Njiani, tulipokaribia nyumbani, baba akaniambia kwamba yeye huwaambia watu habari ya macho yao haraka haraka, huku akitafuta lenzi, na kwamba kuanzia sasa ataweka lenzi chini kwanza.

Siku aliyovishwa vifaa vyake vya masikio, nyumba ilikuwa maboksi matupu, na begi la mama bado liko peke yake mlangoni, hakuna aliyethubutu kuliulizia. Kinyozi alikuwa amewahi. Alikuwa ameshamweka Bibi kwenye deki, kitufe kwenye nukta nyekundu, anangoja kama mtu mwenye zawadi. Baba aliingia akasimama. Akatazama miguu yake. Akapiga hatua, akatazama tena, akasema hakujua ndala zake zina kelele kiasi hicho, na mbona hatukumwambia. Mfuko wa plastiki uliokuwa unachezwa na upepo dirishani ulimshtua. Kinyozi akamwonesha kiti, akamwambia haya mzee, ya kwanza.

Baba akainua mkono, ngoja, akampita, akaenda jikoni. Mama alikuwa anafunga vikombe kwa magazeti. Mimi nilikuwa hapo hapo nashika boksi.

“Yale uliyokuwa unaniambia,” baba akasema. “Niambie tena.”

Mama hakuacha kufunga. Alisema ni mengi, na mengine ni chumvi imekwisha tu.

“Anza na lililokuuma.”

Kikombe kikabaki nusu kimefungwa. Mama alimtazama kwa muda, nadhani alikuwa anaamua kama linafaa kusemwa. Halafu alisema, taratibu, kwa sauti ileile ya chini aliyozaliwa nayo.

“Asubuhi moja ulikuwa unafunga viatu. Nimekaa kitandani nyuma yako. Nikakuambia nimeshika kivimbe kwenye ziwa langu, naogopa, unisindikize hospitali. Ukasema sawa. Ukasimama, ukaenda dukani.”

Mimi sikuwa nalijua hilo. Nilikuwa duka la jirani na la baba siku hiyo, nauza dawa, na mama yangu akapita huko nyuma ya mtaa peke yake. Niliweka boksi chini.

“Wakasemaje?” baba akauliza. Aliuliza kama mtu ambaye majibu bado yanakuja, amekunja uso, ameshika ukingo wa meza.

“Si kitu. Walikitoa, wakakipima, wakasema si kitu. Nilishapona.”

“Ulikwenda na nani?”

“Na nani tena?”

Baba alilia. Sijawahi kumwona akilia, na hakuwa na ufundi wowote wa kulia. Alisimama tu katikati ya jiko machozi yakimwingia ndevuni. Mama akasema yameisha, mwenzangu, acha. Baba akafuta uso kwa mkono wa shati.

“Nipeleke,” akasema.

“Wapi?”

“Huko. Unioneshe ulipokaa.”

Mama alimwambia hakuna cha kuona, ni benchi tu, na hapa kuna vikombe. Lakini baba alikuwa ameshakwenda kutafuta viatu, na kwa mara ya kwanza katika muda huo wote alivifunga akiwa amekaa anamtazama mama. Mama akachukua mkoba wake. Walitoka, wakampita Kinyozi na deki yake. Naye kwa busara zake aliirudisha CD kwenye kasha lake, akanisaidia kumalizia vikombe.

Tulihama mwisho wa wiki. CD zilikwenda zote nne, mama mwenyewe ndiye aliyezifunga ndani ya nguo zake ili zisivunjike, kwenye lile begi. Tulipokuwa tunapanga vyombo kwenye jiko jipya, mimi ndani yeye mlangoni kwa kuwa hatukuenea, ndipo aliponisimulia ya hospitali. Benchi lilikuwepo palepale, kwenye korido, mkabala na mlango wa chumba cha vipimo. Alimwonesha baba upande aliokalia. Baba akakaa kando yake, akamshika mkono, wakakaa. Wagonjwa waliingia na kutoka, jua likahama ukutani, na korido ikaanza kufungwa. Mlinzi akawajia akawauliza kwa adabu wanamsubiri nani, maana madaktari wote wameshaondoka.

Baba akamjibu kwamba mkewe ndiye aliyekuwa na miadi, na yeye alikuwa amsindikize. Alichelewa, akasema, ndiyo kwanza amefika.